Banza, Kamioneti Haikukataa

Banza, ndugu yangu,

Nimekalia kiti chako. Usinune. Ni ile siti ya basi tuliyoipata kwa wauza vyuma, na springi yake bado inachoma mahali pale pale, kwa hiyo adhabu yangu naipata. Uwanja wetu uko kimya leo. Vumbi la malori ya mgodi limefunika kila kitu tangu asubuhi, na mtu pekee aliyeingia ni kijana wa pikipiki za taxi-moto aliyeazima klé, spana ya kumi na tatu, na kuondoka nayo. Nimeona nikuandikie, maana kuna jambo kubwa lililotokea baada yako, na mtu ambaye ningemsimulia kwanza ni wewe.

Hapa Dilala mambo ni yale yale na si yale yale. Nyumba za zamani za kampuni zimepakwa rangi upande wa barabara tu. Vijana wanaochimba, wakibahatika, wananunua magari yasiyo na delko ya kugawa moto wala kabureta ya kuchanganya mafuta, magari yenye akili ndani ya kisanduku. Yakigoma, wanachomeka waya, wanatazama simu, na simu inawatajia ugonjwa. Juzi mmoja alinionyesha kioo chake kwa majivuno. Gari lilikuwa linasema lenyewe kinachouma! Nilikasirika kweli. Gari linalojisemea lina haja gani na watu kama sisi?

Maana kazi yetu ilikuwa ugomvi. Wewe ulikuwa mtu wa moto, wa nyaya na cheche, mimi mtu wa mafuta, na barabara nzima ilituita hivyo: Moto na Mafuta. Umeme wa mji ukikatika, watu walikuja kukulaumu wewe, nawe ulifurahi, ukasema wewe na bwawa la Nzilo ni ndugu, mnapika kuran moja ya umeme. Gari lilikuwa linaingia likisukumwa, mwenyewe amelowa jasho, anauliza swali lake: "Ni moto ao ni mafuta?" Mimi kabla sijagusa chochote nilishajua kwamba ni moto, ni yako. Wewe ulishajua kwamba ni mafuta, ni yangu. Ndipo ulipoweka ile sheria, ukaikazia kwa kidole chenye grisi puani mwangu: "Tosha yako mbele, kisha njo useme yangu." Anayetaka kumshitaki mwenzake aanze kuusafisha upande wake, na mwenzake akiwa anatazama.

Basi nilichomoa mpira wa esansi, wa petroli, kwenye kabureta, nikautia ndani ya chupa, wewe ukapiga stata, tukaangalia kama inatema au haitemi. Ikitema kwa nguvu, nimetoka, kosa si langu. Zamu yako ilipofika ulichomoa buji, plagi ya moto, ukailaza juu ya chuma cha mashine, mimi nikapiga stata, na tukainama wote wawili kutafuta cheche. Cheche ya buluu, umetoka. Ya manjano, umenaswa. Ulikuwa na ile taa yako, balbu ndogo iliyofungwa nyaya mbili, na ulipofuata kuran kutoka betri mpaka bobini, ile koili ya kukuza moto, ulikuwa unaimba kwa pua, bila maneno, wimbo ambao haukuwa na mwanzo wala mwisho. Nilikuwa naichukia ile sauti. Nilikuambia mara ngapi unyamaze?

Unamkumbuka yule mwalimu wa Sandoa? Alikuja na gari limejaa mihogo mikavu, mvua imemkuta njiani. Linakwenda kidogo, linakohoa, linazima. Tuligombana kutwa nzima. Nilitosha yangu, nikatoka mweupe. Ukatosha yako, ukatoka mweupe. Na gari bado limekufa, na mwalimu amekaa juu ya magunia yake anatutazama kama wanafunzi waliofeli. Kumbe sote tulikuwa na makosa. Kabureta yangu ilikuwa na maji kidogo chini kabisa, ambayo chupa haikuyaonyesha, na kifuniko cha delko yako kilikuwa na ufa mwembamba unaovujisha moto ukipata unyevu. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye matope. "Numbi, leo siye wote ni baloji," ulisema. Wachawi wawili, na hakuna wa kumfukuza mwenzake. Mwalimu mwenyewe aliishia kucheka, akatuachia mihogo.

Halafu ukaenda. Daktari alisema ni moyo, na mimi nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi ulivyokuwa unapumzika ukiinua betri, ukijifanya unatafuta kitu mfukoni. Lakini Yaya Monika, dada yako mkubwa, alipofika kutoka kaskazini hakukubali. Alisema moyo wako haukuwa na ugonjwa, ulikuwa na wakwe. Alimaanisha mke wako, Mama Debora, na kaka yake Placide. Alisema umelishwa kitu. Tangu siku ya kwanza ya kilio hakugusa chochote kilichotoka mikononi mwa upande ule. Mama Debora alimwekea sahani, na sahani ilirudi jinsi ilivyokwenda. Hata maji Yaya Monika alikunywa ya chupa aliyokuja nayo, na ilipoisha alimtuma mtu mbali.

Ulikuwa umesema ukifa tukubebe na kamioneti yetu ya buluu, ile pikapu yetu kuukuu, usipelekwe na gari la watu wasiokujua. Tukatii. Kamioneti ikaoshwa mpaka nikaona rangi ambayo nilikuwa nimeisahau. Marafiki wakajaza tanki mpaka mdomoni, ikawa ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuiona imeshiba. Mimi nikashika usukani, wewe ukalala nyuma yangu ndani ya sanduku, na kwaya yenu ya Kikatoliki ikafuata kwa miguu. Iliimba vizuri, nakiri.

Njia ya makaburi inapita mbele ya mlango wa Placide, pale wanapouza makala, mkaa wa kupikia. Tulikuwa tumekwenda vizuri mpaka hapo. Hapo kamioneti ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Nikapiga stata, haikuwaka. Tukangoja, ikawaka, ikasogea kidogo, ikazima tena, bado tuko mbele ya mlango ule ule. Mara ya tatu nilisikia kwaya imenyamaza. Ndipo dada yako akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia.

"Ndugu yangu anakatala kupita hapa! Munaona? Anatuonyesha!"

Unajua kwetu mambo hayo yanavyokwenda. Maiti ikigoma mbele ya mlango wa mtu, imemtaja. Nilishuka nifungue kapo, boneti yake, nitazame mashine, vijana wakanishika mkono: "Tata, hii haiko kazi ya fundi." Wakalishusha sanduku, wakakubeba mabegani mpaka kaburini, na mimi nikabaki nimesimama pale na ufunguo mkononi. Placide alikuwa amefunga mlango wake kwa ndani. Mama Debora alitembea peke yake nyuma ya watu wote, na hakuna mwanamke aliyemshika mkono. Na mimi, fundi wa miaka yote hii, niliitazama ile kamioneti nikauliza kimoyomoyo, Banza, kuna nini?

Baada ya mazishi neno lilitembea haraka. Siku ya kufunga kilio familia itakaa, na Mama Debora atatolewa ndani ya nyumba pamoja na watoto. Alikuja hapa uwanjani, hakulia. Alisimama pale unapotundika nyaya zako. "Mukubwa, kama bananitosha mu nyumba, mi na batoto tutaenda wapi?" Akaitazama kamioneti, niliyokuwa nimeivuta kwa kamba mpaka hapa, akasema, "Wewe njo unajua ile motoka." Akaondoka.

Nikaanza kazi, kazi ya kwanza bila wewe. Nikuambie ukweli, nilikuwa na hamu kubwa ya kusema ni moto. Ilikuwa rahisi mno, mwenye moto hayupo, nani atamtetea? Nikajionea aibu, nikaanza upande wangu. Nilifungua mdomo wa tanki, nikatumbukiza kijiti kuona kama kuna maji au matope. Safi. Chupa, inatema. Filta safi, pompu inavuta, kabureta haina neno. Nilikuwa nimetoka. Basi nikachukua taa yako. Nikaufuata moto jinsi ulivyokuwa unaufuata, betri, kontakti ya ufunguo, bobini, delko, na nikajikuta naimba kwa pua. Nililia, Banza. Nililia nimeinamia mashine, kisha nikaogopa machozi yasiloweshe delko yako, nikajipangusa. Cheche zote zilikuwa za buluu. Na wewe ulikuwa umetoka.

Sasa je? Nikawasha kamioneti, nikaipeleka barabarani, ikapita mlango wa Placide bila hata kupiga chafya. Ikafika makaburini, ikarudi. Nikarudia, ikapita tena.

Ungedhani nilifurahi. Ilikuwa mbaya kuliko kuzima. Yaya Monika aliposikia alipiga makofi: "Unaona? Anashamaliza kusema." Umeshazikwa, umeshamtaja mtu, sasa gari litakataa nini tena? Kupona kwake kukawa ushahidi. Nilirudi hapa nikakaa chini nikiwa nimeshindwa kabisa, na watu wakaja kuniambia kwa upole niache, mambo mengine si ya klé.

Ni wewe uliyenitoa. Si kwa ndoto, usijidai. Nilikumbuka tu ulivyokuwa unakataa kumpa mteja gari lililopona lenyewe. "Motoka haiponaka bule," ulikuwa unamwambia, na yeye anakasirika, ana haraka, gari linanguruma vizuri mbele yake. Wewe ulitaka kujua nani ameligusa, na amegusa nini, na ulikuwa unarudisha kila kitu mahali pake mpaka ugonjwa urudi. Nikajiuliza hivyo. Tangu mazishi, nani ameigusa kamioneti? Mimi tu. Nimegusa nini? Mdomo wa tanki.

Kifuniko chake kilipotea zamani, wewe unajua, ulikiacha wapi sijui, na tangu hapo tuliziba kwa kitambaa. Tanki lilikuwa linapumua kupitia kitambaa. Lakini nilipotumbukiza kijiti sikutoa kitambaa! Nilitoa mfuko wa nailoni, umekunjwa na kukunjwa tena, umekazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nilikuwa na mawazo mengine, nikauvuta wote kama kofia na kuutupa kwenye rundo la matambara, kisha nikaziba kwa kitambaa kama kawaida. Nilifukua lile rundo mpaka nikaupata, fundo lake bado limekaza.

Mtoto anayenyonya soda kwa mrija huku ameziba mdomo wa chupa anajua kilichotokea. Anavuta, anavuta, kisha soda haiji tena. Pompu ilivuta esansi, hewa haikuingia kuchukua nafasi yake, tanki likaishikilia esansi yake. Na kwa kuwa lilikuwa limejaa mpaka juu, hewa ndani ilikuwa kidogo sana, pumzi ikaisha haraka. Kutoka nyumbani kwako mpaka kwa Placide ndio ulikuwa urefu wa pumzi hiyo. Tukingoja kidogo, hewa inapenya polepole, inawaka, inakabwa tena. Nilidhani ni vijana walioiosha, waliogopa maji yasiingie.

Sikwenda kwa familia na maneno. Mimi na maneno unatujua. Nilijaza tanki mpaka mdomoni, nikalivisha ule mfuko jinsi ulivyokuwa, nikamwomba Yaya Monika na baba yako mdogo wapande mbele pamoja nami. Mama Debora akapanda nyuma, akakaa pale ulipokuwa umelala. Majirani wakafuata kwa miguu, wengine kwa taxi-moto, maana Dilala haijawahi kukosa watazamaji. Ikipita bila kuzima, nimemtoa yule mwanamke nyumbani kwake kwa mikono yangu mwenyewe. Maisha yangu yote nimeomba magari yawake. Siku ile niliomba gari life.

Penye makala ikakohoa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Ikazima mbele ya mlango wa Placide, pale pale, na watu wakaanza kunong'ona, na Yaya Monika akashika mdomo. Nikashuka. Nikawaita wote wasogee kwenye tanki, nikaomba wanyamaze, nikauvuta mfuko. Tanki likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kila mtu akaisikia, na baba yako mdogo akaruka nyuma akakanyaga kuku wa watu. Nikarudi kwenye usukani, nikapiga stata, ikawaka mara moja.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hapa uwanjani kwa sauti. Ilikuwa kali, juu ya watu wanaofanya gari kuwa hakimu, na ilikuwa na mstari wa Biblia. Nikageuka na mfuko mkononi ili nianze, nikamwona Yaya Monika anautazama. Hakuwa anatazama mfuko. Alikuwa anatazama fundo. Ni lile fundo la wauza unga wa kwenu, la kuzungusha mara mbili na kuficha ncha ndani, ambalo hapa mjini hakuna anayelifunga. Mimi sikuwa nimeliona hata kidogo.

"Kifundo ile ni yangu," alisema. Alisema kwa sauti ndogo, lakini mbele ya watu wote. Na baadaye kidogo: "Sikutaka ndugu yangu alale mu harufu ya esansi."

Hotuba yote ikanitoka. Wewe, Banza! Wewe uliyenuka esansi mpaka kanisani, ambaye mkeo alikuwa anaanika shati lako mbali na mengine. Dada yako alikitoa kitambaa chetu kichafu, akachukua mfuko aliofungia kitenge chake cha kilio, akaziba ili safari yako ya mwisho iwe safi. Alifunga kwa upendo, akakaza kwa nguvu zake zote, na kwa fundo lile lile karibu avunje nyumba yako. Nilimkasirikia na nikamhurumia kwa wakati mmoja, sikujua niweke wapi mikono.

Mashine ilikuwa inanguruma tu. Yaya Monika akavuka barabara, akabisha mlango wa Placide. Mke wa Placide alifungua kidogo, macho yake yana woga, na dada yako akamwomba maji ya kunywa. Yakaletwa kwenye kikombe cha plastiki cha kijani. Alikishika kwa mikono miwili, akanywa polepole, na sisi wote tumesimama barabarani tunatazama koo lake. Akanywa yote. Mama Debora alikuwa ameshuka, na ni yeye aliyepokea kikombe.

Wakakaa chini pale kwenye ngazi, wanawake wale wawili, wakakulilia upya. Mimi nilizima mashine, maana esansi ilikuwa inaungua bure, kisha nikalia pamoja nao.

Siku ya kufunga kilio familia ilikaa, watu walikula, na neno la kumtoa mtu ndani ya nyumba halikufunguliwa na yeyote. Yaya Monika alikaa siku nyingi kuliko alivyopanga. Aliporudi kwao alimchukua mtoto wako Debora kwa likizo, na mtoto amerudi amenenepa na anafunga kila kitu ndani ya nyumba kwa fundo lile. Mama Debora anaendesha kamioneti sasa. Ndiyo, mkeo. Anakwenda Nzilo kununua samaki, anauza sokoni. Anabadilisha gia kama anayepasua kuni, na ameniambia nisimfundishe zaidi kwa sababu napiga kelele. Nimemtengenezea kifuniko cha kweli, nimekitoboa tundu dogo juu. Wiki iliyopita betri yake iliishiwa, nikatafuta siku nzima kosa liko wapi, na ilikuwa waya mmoja uliolegea ambao wewe ungeuona ukiwa unakunywa chai. Hapo ndipo ninapokukosa zaidi. Mafuta nayaweza, moto bado unanidanganya.

Jua limezunguka, linanipiga usoni, na sina cha kuongeza isipokuwa hiki. Nakuaga bila haraka, ndugu yangu, kwa maana siku ile barabarani sikupata nafasi ya kukuaga. Nakuahidi kwamba muda wote nikiwa na pumzi, mtu yeyote atakayekuja na neno juu ya mlango wako atanikuta mimi nimesimama pale, na safari hii hotuba nitaisema yote.

Lala, Banza. Bibi yako, Mama Debora, iko mu nyumba yake.

Numbi